Sindano inapopotea kwenye skrini: jibu kwa muuguzi wa usingizi

Swali: "Daktari, mimi ni muuguzi wa usingizi katika hospitali ya wilaya, Kanda ya Ziwa. Tumepata mashine ya ultrasaundi yenye probu nyoofu (kile kifaa cha mkononi kinachowekwa juu ya ngozi), na nimehudhuria mafunzo mafupi ya kuchoma bloku, yaani ganzi inayowekwa kando ya neva ili kiungo kimoja kife ganzi. Neva ya paja naiona vizuri, na zile za kwapani nimeanza kuzitambua. Lakini nikishaingiza sindano, naipoteza. Naona nyama inatikisika, sindano yenyewe siioni. Wenzangu wanasema nitazoea nikichoma wagonjwa wengi. Ni kweli? Na nianze na bloku gani, ikiwa hapa hakuna wa kunisimamia?"

Jibu:

Mwenzangu, pole na majukumu. Nimefurahi umesema wazi kwamba sindano huioni. Wapo wanaoona nyama ikitikisika, wakajiridhisha kuwa sindano iko palepale panapotikisika, wakaendelea kusukuma. Hivyo ndivyo neva inavyotobolewa na ateri inavyochomwa, mashine imewashwa na picha nzuri iko mbele ya macho.

Wenzako wana nusu ya ukweli. Uzoefu unahitajika, ila si wa kuutafuta kwenye mwili wa mgonjwa. Mikono hushika kile inachokirudia. Ukichoma wagonjwa wengi huku unasukuma sindano usiyoiona, utakuwa hodari wa kusukuma sindano usiyoiona. Kwa hiyo kabla ya yote shika hili: ncha isipoonekana, mkono wa sindano unasimama, na mkono wa probu ndio unaotafuta. Mengine yote nitakayokueleza yanatoka hapo.

Kuona neva ni kazi moja, kuiongoza sindano ni kazi nyingine. Mwaka 2009 jumuiya mbili kubwa za wataalamu wa ganzi, ya Marekani na ya Ulaya, zilitoa mapendekezo ya pamoja kuhusu mafunzo haya, zikaugawa ujuzi katika mafungu manne: kuielewa mashine, kuitengeneza picha, kuisoma picha, na kuiona sindano inavyoingia pamoja na dawa inavyosambaa. Kozi fupi nyingi zinamaliza muda kwenye matatu ya mwanzo, kwa sababu hayo yanafundishika kwa kupakana jeli wenyewe kwa wenyewe. La nne linahitaji sindano, na sindano haichomwi kwa mwenzako wa darasani. Ndiyo maana umerudi kazini ukiwa unaona neva na huoni sindano. Si kwamba huna kipaji. Hukufundishwa sehemu hiyo.

Na hauko peke yako. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007, uliowafuatilia kwa video wanafunzi wa usingizi wakijifunza bloku hizi, ulikuta makosa mawili yakiongoza: kusukuma sindano bila kuiona, na kusogeza probu bila kujijua. Haya makosa ni ndugu, maana la pili ndilo linalozaa la kwanza.

Kwa nini sindano inatoweka? Mawimbi yanayotoka kwenye probu yanashuka kama karatasi iliyosimamishwa wima. Ni mapana kufuata urefu wa probu, lakini unene wake ni takribani milimita 1 tu pale yalipo membamba zaidi. Sindano ya geji 22 ina unene wa milimita 0.7. Unachojaribu kufanya, basi, ni kukilaza kitu cha milimita 0.7 ndani ya nafasi ya milimita 1 na kukiweka humo tangu ngozi hadi neva. Mkono ukiteleza kidogo tu kwenye jeli, sindano imetoka nje ya mawimbi.

Kinachowadanganya watu ni kwamba probu ikiteleza, picha ya neva haibadiliki. Neva inakwenda mbali juu na chini ya pale ulipoikata, kwa hiyo ukisogea milimita 2 bado utaiona neva ileile, ateri ileile, msuli uleule. Macho yanakwambia hujasogea. Sindano peke yake ndiyo inayotoweka, nawe unahitimisha kuwa tatizo liko kwenye sindano, unaisukuma kuitafuta. Kumbe kilichosogea ni mkono wako mwingine. Ukilielewa hili moyoni utaacha kuitafuta sindano kwa kuisukuma.

Sababu ya pili ni pembe. Sindano inaonekana pale mawimbi yanapoigonga na kurudi kwenye probu. Ikilala karibu sambamba na uso wa probu, mwangwi unarudi wote na unaona mstari mweupe mkali. Ikisimama wima, mwangwi unatupwa pembeni na mashine haipati kitu. Fanya hesabu hii ndogo. Tuseme neva iko kina cha sentimita 3, chini ya probu, sentimita 1.5 kutoka ukingo wake. Ukichoma nusu sentimita tu kutoka ukingo wa probu, sindano itashuka kwa pembe ya karibu nyuzi 56. Ukirudi nyuma ukachoma sentimita 3 kutoka ukingo, pembe inashuka hadi nyuzi 34 hivi, na sindano ileile, mashine ileile, inang'aa. Ila sasa njia yake imekuwa sentimita 5.4, kwa hiyo sindano ya sentimita 5 haitafika. Nimeona watu wakichoma karibu na probu kwa sababu tu sindano iliyopo trei ni fupi, halafu wanailaumu mashine. Pima kina cha neva kwenye skrini kwanza, amua utaingilia wapi, kisha chagua urefu wa sindano.

Sababu ya tatu ni picha yenyewe. Kina kiwe kidogo kiasi kwamba neva inakaa katikati ya skrini au chini kidogo, isiwe nukta iliyopotea juu huku nusu ya skrini inaonyesha mfupa usio na kazi nao. Mwanga wa picha usiongezwe mno, kwa sababu nyama ikishakuwa nyeupe yote, sindano nyeupe itajificha humo. Masafa ya juu, megahezi 10 kwenda mbele, yanafaa kwa neva za juujuu. Probu ya mviringo ya kuangalia wajawazito ina masafa ya chini, inaona mbali lakini haina ukali karibu na ngozi. Wewe una probu nyoofu, hivyo itumie.

Sasa tuje kwenye kuitafuta. Umeingiza sindano kwa kufuata urefu wa probu, na ghafla huioni. Simamisha sindano. Sisemi upunguze mwendo, nasema isimame. Kisha ondoa macho kwenye skrini uangalie mikono yako. Wengi wanaona aibu kuangalia chini, wakidhani bingwa ni yule asiyebandua macho kwenye picha. Angalia kutoka juu: sindano na probu viko kwenye mstari mmoja? Mara nyingi utakuta probu imezunguka kidogo au sindano imeelekea pembeni, na utarekebisha kwa macho tu kabla ya kurudi kwenye skrini.

Ukirudi kwenye skrini, picha yenyewe itakuambia cha kufanya. Kama sindano haionekani kabisa, telezesha probu polepole, milimita kwa milimita, upande huu na upande ule, bila kuizungusha wala kuilaza, mpaka mstari mweupe utokee. Kama unaona kipande tu cha sindano kisha kinakatika, probu na sindano vimepishana kwa pembe. Zungusha probu kidogo, ule ukingo ulio karibu na sindano ukibaki palepale, na utaona kipande kinarefuka mpaka kiwe sindano nzima. Kama sindano yote iko lakini imefifia, laza probu kidogo mbele au nyuma. Tendo moja kwa wakati mmoja. Ukiteleza, ukazungusha na kulaza kwa pamoja, hata ukiipata hutajua umeipataje, na ikipotea tena utaanza upya gizani.

Bado hujaiona? Itikise ndani na nje milimita moja hivi, papo hapo ilipo, bila kuiongezea mwendo, uangalie ni wapi hasa nyama inafuata. Au sukuma nusu mililita ya salini (maji ya chumvi ya hospitali): kidimbwi cheusi kidogo kitajitokeza mbele ya ncha na kukuonyesha ilipo. Usitumie dawa ya ganzi kwa kazi hiyo ya kutafuta, kwa sababu utaitumia kidogokidogo mpaka dozi ikaliwe na utafutaji. Na kama haya yote hayakusaidia, irudishe sindano hadi karibu na ngozi uanze tena. Hakuna aliyepata madhara kwa sindano kurudi nyuma.

Kuona mstari mweupe hakutoshi. Swali la lazima ni: hii ni ncha au ni kiwiliwili cha sindano? Sindano ikiwa imeyakata mawimbi kwa pembe, utaona kipande chake kinaishia mahali fulani, ukaamini pale ndipo ncha ilipo. Siyo. Pale ni mahali ilipotokea nje ya mawimbi, na ncha halisi iko mbele zaidi, mahali usipopaona. Juu ya neva ya paja kosa hili litakugharimu bloku. Juu ya mtulinga, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega, ambako utando wa pafu uko sentimita chache tu chini, linaweza kumgharimu mgonjwa pafu. Ncha halisi ina alama zake. Ule mkato wa mdomo wa sindano huonekana kama vinukta viwili vilivyokaribiana, hasa mdomo ukielekezwa juu kwenye probu. Pia ukitelezesha probu kidogo kushoto na kulia, mwisho wa ncha halisi hauendelei zaidi. Mwisho wa uongo unarefuka au kufupika kadiri probu inavyosogea. Zoea kufanya ukaguzi huo kila baada ya kusogea nusu sentimita.

Kuhusu ile njia ya kuingiza sindano kwa kukatisha probu, ambapo unaona nukta tu badala ya mstari, iache kwanza. Ina matumizi yake, hasa kwenye kuweka laini za mishipa ya damu, lakini nukta ya kiwiliwili na nukta ya ncha zinafanana, na anayeanza hana namna ya kuzitofautisha.

Nimesimama nyuma ya wanafunzi wengi, na siku hizi naangalia mkono wa probu kabla ya skrini. Mtu anaanza vizuri, probu imetulia, kidole kidogo kimegusa ngozi ya mgonjwa. Mara mkono wa sindano unapoanza kusukuma, kile kidole kidogo kinainuka. Kuanzia hapo probu inaelea juu ya jeli bila nanga, na baada ya sekunde chache sindano imepotea. Mwenyewe hajui kidole kimeinuka. Ishike probu chini kabisa, karibu na uso wake, si juu kwenye waya, na ukingo wa kiganja na kidole kidogo vikae juu ya mgonjwa muda wote. Jeli isiwe nyingi ya kutelezesha. Kitanda kipandishwe hadi usawa wa kiwiko chako, au keti. Mashine iwe ng'ambo ya mgonjwa, ukiangalia mbele uone mikono, sindano na skrini kwenye mstari mmoja wa macho. Ukilazimika kugeuza shingo kuitafuta skrini, mikono itageuka na shingo. Haya yanaonekana madogo, lakini kwa maoni yangu nusu ya sindano zinazopotea zinapotea kwa sababu ya kitanda na mashine kukaa vibaya.

Mazoezi yasiyomgusa mgonjwa ndiyo sehemu iliyo mikononi mwako kabisa, na haihitaji barua wala bajeti. Nenda bucha ununue pande nene la steki isiyo na mfupa. Omba na kano ndefu ya makongoro, maana kwenye skrini kano iliyolowa inafanana sana na neva: duara jeupe lenye nyuzinyuzi ndani. Toboa njia ndani ya steki kwa koleo refu, vuta kano ipite katikati, kisha jaza ile njia maji au jeli ili hewa itoke. Hewa ikibaki, utaona kivuli cheusi na hutajifunza kitu. Funika probu kwa glovu yenye jeli ndani, na baada ya zoezi isafishe kama mtengenezaji wa mashine anavyoagiza, kwa kuwa inarudi kwa wagonjwa. Sindano iliyoingia kwenye nyama ya bucha inakwenda moja kwa moja kwenye sefti boksi.

Zoezi la kwanza lisiwe la kuchoma kabisa. Mwambie mwenzako aichomeke sindano kwenye steki wewe ukiwa umegeuka, kwa pembe yoyote apendayo. Geuka, chukua probu, uitafute ncha kwa mkono wa probu peke yake, sindano isiguswe. Ukiipata, iite kwa sauti: ncha hii hapa. Mwenzako aitikise kidogo kuhakiki. Rudieni mpaka iwe jambo la sekunde chache. Zoezi hili linaivunja ile tabia ya kutafuta kwa kusukuma, kwa sababu hakuna cha kusukuma.

Kisha ichome mwenyewe, upeleke ncha hadi igusane na ngozi ya juu ya kano bila kuitoboa, usimame hapo. Halafu chini yake. Halafu ubavu wa mbali, ambako sindano inataka kupita juu ya kano. Halafu sukuma maji mililita moja moja uone yanavyoizunguka kano na kuiinua. Utaona pia maji yakiingia ndani ya kano inavyovimba, na ni vizuri uione picha hiyo mbaya mezani ili uitambue siku ikitaka kutokea kwa mtu. Mwisho, mwenzako awe anakusukuma kiwiko kidogo katikati ya kazi, kwa sababu mgonjwa wa kweli atakohoa, atashtuka, atavuta mguu.

Ni mara ngapi? Utafiti mmoja wa mwaka 2012, uliofanywa na wanafunzi wakichoma kwenye maiti, ulikadiria kwamba yanahitajika majaribio kama 28 kufikia ustadi wa kuongoza sindano, tena yakiwa yanasimamiwa na mwanafunzi akielezwa makosa yake papo hapo. Wapo waliofika mapema na wapo waliochelewa. Mimi nakushauri usihesabu majaribio tu, uhesabu usafi wake. Rekodi skrini kwa simu, kisha itazame jioni ukiwa umetulia na kujiuliza kitu kimoja: kuna mahali sindano ilisogea mbele wakati ncha haionekani? Kama pako, hata mara moja tu, jaribio hilo halikupita, hata kama maji yaliizunguka kano vizuri kupita kiasi. Ukipata kumi safi mfululizo, mikono iko tayari kusimamiwa kwa mgonjwa.

Bloku ya kuanzia, kwa hospitali kama yako, ni ya neva ya paja au ile pana zaidi ya chini ya utando wa iliaka, yaani utando unaofunika msuli wa iliaka hapo kinenani. Sababu zangu ni mbili. Eneo lenyewe linasamehe: neva iko kina cha sentimita chache, hakuna pafu karibu, na ateri ikichomwa inabanika kwa mkono. Na mgonjwa yupo. Kila wodi ya majeruhi ina kijana wa bodaboda aliyevunjika fupa la paja, anayelia akiguswa shuka. Kwa upasuaji unataka kumchoma ganzi ya uti wa mgongo, lakini kumkalisha au kumlaza ubavu ni mateso. Ukimpiga bloku hii dakika 20 au 30 kabla, atakubali kugeuzwa, mgongo utakunjika vizuri, na ganzi ya mgongo itaingia kwa urahisi. Manufaa yake utayaona mchana uleule, na daktari wa upasuaji atayaona pia, jambo ambalo litakufungulia milango siku utakapoomba sindano bora.

Weka probu sambamba na mkunjo wa kinena. Ateri ya paja itakuwa inadunda, vena iko upande wa ndani na inabanika ukikandamiza. Nje ya ateri utaona msuli wa iliaka, na juu yake mstari mweupe mkali ambao ndio utando. Neva imelala chini ya utando huo, bapa, nyeupe, mara nyingi kama pembetatu iliyobonyezwa. Laza na inua probu kidogo mpaka ing'ae, maana neva hii hupotea probu isipoielekea vizuri. Ingia kutoka upande wa nje kwenda ndani. Hupaswi kuigusa neva. Unachotaka ni ncha ivuke utando na kusimama pembeni mwa neva, kisha dawa itambae chini ya mstari mweupe na kuinyanyua neva. Dawa ikivimba juu ya mstari, hujavuka. Hiyo ndiyo bloku inayoshindwa huku mtu akiapa kwamba aliona kila kitu.

Baada ya hapo nenda kwapani, ambako neva tatu zinaizunguka ateri na ya nne iko pembeni kwenye misuli. Vena za hapo zinabanwa na uzito wa probu na kutoonekana, hivyo legeza mkono kabla ya kusukuma dawa. Bloku za juu ya mtulinga na za shingoni zisubiri mpaka uwe umesimamiwa ana kwa ana. Ile ya shingoni, kwa ujazo wa kawaida, hulemaza nusu ya kiwambo cha kupumulia karibu kwa kila mgonjwa, na mwenye mapafu dhaifu hatakusamehe.

Kuhusu dawa, nakuomba usinirukie hapa. Piga hesabu ya kiwango cha juu kabla ya kuvuta dawa, na uiandike. Kwa bupivakeini mimi sivuki miligramu 2 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 ni miligramu 120, yaani mililita 24 za asilimia 0.5 au mililita 48 za asilimia 0.25. Humohumo ihesabiwe na ganzi yoyote ambayo daktari wa upasuaji atachoma kwenye kidonda. Ile bupivakeini nzito yenye glukosi iliyotengenezwa kwa uti wa mgongo si ya bloku, hata kama ndiyo pekee iliyopo kabatini. Agiza ya kawaida, usubiri ifike.

Vuta nyuma bomba la sindano kabla ya kila mililita 3 hadi 5, na angalia skrini wakati unasukuma. Ukisukuma na huoni dawa ikitanuka kwenye picha, acha papo hapo: huenda inaingia kwenye mshipa wa damu, au ncha haiko unapodhani. Mgonjwa akilalamika maumivu makali yanayochoma kushuka mguuni, acha. Bomba likiwa gumu, acha. Kwa sababu hiyohiyo sipendi mgonjwa alazwe usingizi mzito kwanza. Sauti yake ni kipimo ambacho hakuna mashine inayokitoa. Akisema ulimi umekufa ganzi, masikio yanavuma, mdomoni kuna ladha ya chuma, au akianza tu kuongea ovyo, chukulia ni sumu ya ganzi mpaka ithibitike vinginevyo. Emulsheni ya mafuta ya asilimia 20, ambayo ndiyo dawa ya sumu hiyo, iwe ndani ya chumba, si stoo. Kwa mtu huyo wa kilo 60 anaanza na mililita 90, yaani 1.5 kwa kilo, kwa dakika 2 hadi 3, kisha inaendelea mililita 0.25 kwa kilo kwa dakika, huku njia ya hewa, oksijeni na degedege vikishughulikiwa. Hospitali isiyo nayo isianzishe bloku za ujazo mkubwa. Najua hili litachelewesha mipango yako, na bado nalisema.

Kabla sindano haijagusa ngozi, mwache msaidizi ashike bomba la dawa, msome pamoja jina la mgonjwa, upande, na alama ya daktari wa upasuaji, kisha ndipo akukabidhi. Waingereza wanafanya hivyo baada ya kuona bloku zikipigwa upande usiohusika. Pima pia ganzi na nguvu za mguu kabla, uandike, hasa kwa aliyevunjika chini ya goti, na uzungumze na daktari wa upasuaji kuhusu hatari ya misuli kubanwa na uvimbe, ambayo maumivu ndiyo huitangaza. Mguu uliopigwa bloku ya paja hauwezi kubeba mtu. Liandike kwenye faili na uwaambie ndugu zake, maana wao ndio watakaomsindikiza chooni usiku.

Kuhusu kusimamiwa, sitakuambia uanze peke yako kwa kuwa hakuna mtu. Msimamizi hahitajiki kila siku, anahitajika mwanzoni. Muombe mganga mfawidhi barua ya wiki chache kwenye hospitali yenye daktari bingwa wa usingizi anayechoma bloku. Kwenu Kanda ya Ziwa, hospitali ya Bugando, Mwanza, ni mahali pa kuanzia kuulizia, na kwa majeruhi wa mifupa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam, ina wagonjwa wa kutosha. Nenda ukiwa na zile video za steki kwenye simu. Daktari atakayeziona ataokoa siku nzima za kukupima, na kuna uwezekano mkubwa atakupa sindano mkononi wiki hiyohiyo, yeye akiwa ameshika kiwiko chako. Ukirudi kituoni, kubalianeni naye kwamba bloku zako za mwanzo utamtumia picha ya skrini pekee, bila jina, sura wala namba ya faili ya mgonjwa, kabla ya kuchoma na baada ya dawa kusambaa. Na kesho yake mpitie mgonjwa wodini umuulize kama mguu umeamka wote. Sehemu ikibaki na ganzi au udhaifu baada ya muda wa dawa kupita, mjulishe daktari wa upasuaji na huyo msimamizi wako siku hiyohiyo, ukiwa na yale uliyoyaandika kabla ya kuchoma.